Bolti ya Nne

Kwa miaka yote niliyoishi Kasulu, vitu vyangu viliishi kwa jirani. Ngazi yangu, toroli langu, beseni kubwa la bati, hata msumeno wa mkono alioniachia marehemu mume wangu, vyote vilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mkufunzi. Ukimdai, alikutazama kwa mshangao wa kweli, kisha akasema, "Mwalimu, cha jirani hakijaenda mbali." Mazungumzo yalikwisha hapo. Na kweli hakikuwa mbali, maana ukichungulia tu uliiona ngazi yako imeegemea mpapai wake, ikinyeshewa mvua.

Naanza na ngazi makusudi. Watu wa mtaani wakimsifu Mkufunzi kwa uaminifu, na walimsifu sana, mimi nilikuwa nakohoa kidogo.

Jina la Mkufunzi alilipata kambini. Alifundisha useremala kwa wakimbizi, kwanza Nduta upande wa Kibondo, halafu Nyarugusu kwa muda mrefu zaidi, mpaka mradi uliomwajiri ulipofungwa. Aliporudi nyumbani alirudi na jina, mkoba wa patasi, na tabia moja ambayo mkewe aliiita ugonjwa: hakuwa anapigilia kitu moja kwa moja. Rafu ya vyombo jikoni aliifunga kwa skrubu ili itoke. Mlango wa choo ulining'inia kwenye bawaba zenye pini za kuchomoa. Kitanda chao cha ndoa kilifunguka vipande, na mkewe alisema wazi mbele ya wageni kwamba anaishi kwenye nyumba ya mtu anayejiandaa kuhama.

"Si kuhama," Mkufunzi akajibu. "Ni adabu."

Alimaanisha adabu ya kambini. Kwa miaka yake yote kule, karakana zilikuwa za nguzo na turubai, na mashine zilisimikwa kwa namna ya kung'olewa, kwa sababu kila mtu pale alikuwa mgeni na kila kitu kilikuwa na safari yake. Alisema mtu akizoea hivyo, akiona saruji inamwagwa juu ya chuma anasikia vibaya tumboni. Nilimcheka. Nilimwambia mimi nimezoea chaki, lakini siandiki kwenye kuta za nyumba yangu. Alicheka pia, kicheko chake kile cha puani, halafu akaazima koleo langu.

Gereji yake nayo ilikuwa kichekesho cha mtaa. Alikuwa amenunua ramani ya nyumba kwa mchoraji mmoja, ramani ikawa na gereji, naye akajenga kilichochorwa, kwa heshima ya karatasi. Gari lenyewe halikuwahi kuja. Mlango mpana wa mabati ulifunguka kila asubuhi, na ndani hapakuwa na kitu isipokuwa kuku wa mkewe, mpaka siku ile ilipoletwa mashine.

Hiyo mashine sasa nitaieleza, maana bila hiyo huwezi kumwelewa mtu huyu.

Ilikuwa mashine ya kukereza miti, ile inayozungusha kipande cha mbao huku fundi ameshikilia patasi, ukatoka mguu wa meza au mchi wa kinu. Kichwa chake cha chuma kilitoka Kongo. Mwenyewe alikuwa fundi mmoja wa Nyarugusu ambaye Mkufunzi alifundisha naye, na ambaye wote tulimwita Papa, kama wenzake walivyomwita. Baba yake Papa alikuwa amekitumia kichwa kile maisha yake yote. Siku ya kukimbia, Papa alikifunga kwenye kitenge akakipakia kwenye boti pale ambapo mkewe alikuwa amepanga sufuria. Wakavuka ziwa na watoto na chuma, bila chombo cha kupikia. Mkewe, nilisikia, hakumsamehe mpaka siku alipouza kinu cha kwanza.

Mwili wa mashine waliujenga wawili hawa kambini, kwa mbao za mninga na mota ya mashine ya kusaga iliyokufa. Walibishana kila siku, mmoja akitaja vifaa kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiswahili cha chuo, na wanafunzi wakajifunza majina yote mawili. Kisha Papa na mkewe wakapata nafasi ya kuhamishiwa Kanada. Binti yao mkubwa, ambaye alikuwa ameshaolewa, alibaki Nyarugusu.

Niliiona siku mashine ilipokuja. Papa alikuwa na kibali cha siku moja, mtu mfupi mwenye koti kubwa, na baada ya kuishusha kwenye pikapu aliishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto anayepelekwa bweni. Nilikuwa nimesimama ukutani, nimekuja kudai beseni langu.

"Mkufunzi," akasema, "hii mashini haiko yangu, iko ya papa yangu. Ndege haibebi chuma. Bakia nayo, fanya nayo kazi, kula nayo. Lakini siku moja mutu wangu atakuya."

"Ego," Mkufunzi akamjibu kwa Kiha. Ndiyo. Mimi niliona aibu kutaja beseni.

Wiki iliyofuata alivunja sakafu ya gereji. Mtu mwingine angeiweka mashine pale, akaipigia bolti kwenye zege, akamwagia saruji miguuni, basi. Mashine ya kukereza inatikisika, lazima ishikwe na ardhi. Kisha mtaani kwetu kuna imani, sijui ilianzia wapi, kwamba kilichoshikwa na saruji ya nyumba ni cha nyumba. Hata kiwe cha nani, mwenyewe akija mnaketi mnaelewana, na mara nyingi anaondoka mikono mitupu kwa sababu hakuna anayependa kubomolewa sakafu. Nimeona jiwe la kusagia na tangi la maji yakipata uraia kwa njia hiyo.

Yeye alichukua vibao vinne vya chuma. Chini ya kila kimoja akachomelea nati, na chini ya nati akaziba kwa kipande cha bomba ili saruji isiingie. Alifunga bolti zilizopakwa grisi, akapanga vibao vyote kwenye ubao uliotobolewa sawasawa na miguu ya mashine, ndipo akamwaga zege. Lilipoanza kushika akazizungusha bolti na kuzitoa. Zikabaki tundu nne safi, usawa wa sakafu, ambazo ungeweza kufagia juu yake bila kujikwaa. Alichonga na vizibo vya mninga vya kuzifunika siku mashine itakapokuwa haipo. Vizibo hivyo alivitundika msumarini karibu na mlango, mahali ambapo angeviona kila akiingia.

"Sasa hapa pana ukarabati wa kumwaga pesa," mkewe akaniambia pembeni, "kwa ajili ya kitu cha mtu."

"Si kila kitu cha mtu," nikamwambia. "Angalia ngazi yangu."

Kwa Mkufunzi vitu vya watu vilikuwa vya aina mbili, na aliponieleza tofauti yake sikujua nicheke au nikasirike. Cha kuazima, mwenyewe yupo, anakiona, akikihitaji atapiga kelele. Cha amana, mwenyewe hayupo, kwa hiyo lazima wewe uwe na macho yake. "Kitu cha amana hakizikwi, Mwalimu," alisema. "Nati hufungwa na mkono, hufunguliwa na mkono. Saruji hufunguliwa na nyundo."

Hivyo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya bolti. Dirisha langu la jikoni linatazama gereji, nami nilimzoea: anazima mota, anapiga magoti, anafungua bolti, anaifuta kwa kitambaa, anaipaka grisi, anairudisha. Niliona miguu ya mbele tu, maana ile ya nyuma ilikuwa ukutani. Hata mvua ya masika ikinyesha, hata kukiwa na msiba mtaani, ataondoka matangani, atafungua bolti, atarudi. Vijana walimtania wakamwita Mzee wa Spana. Hakujali.

Kazi, aliifanya hasa. Nusu ya vitanda vya Kasulu vya miaka ile vina miguu iliyotoka gereji ile. Waislamu wenye maduka sokoni walimwagiza nguzo za vitanda vya mabinti zao wanaoolewa, za mapindo mengi kama za pwani, na alizichonga huku akilalamika kwamba mtu akilala haoni nguzo. Alisomesha watoto kwa mashine ile. Alilipa hospitali mkewe alipopasuliwa. Nami nilipigiwa kelele na mota yake mchana kutwa, nikisahihisha madaftari, mpaka nikaijua sauti yake kuliko sauti ya mwalimu mkuu. Nilipiga ukuta kwa mwiko mara nyingi. Akipigiwa ukuta alizima kidogo, akasema kwa Kiha salamu ya asubuhi, "Mwakeye, Mwalimu," hata kama ni saa tisa mchana, akawasha tena.

Alikuwa na mapungufu mengine. Alisimulia hadithi moja kwa wiki nzima. Alikuwa mgumu kuomba radhi. Alimnunia mchungaji wetu kwa sababu mimbari aliyoagizwa ilipigiliwa misumari na mtu mwingine baada ya kuondoka kwake, na tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa, asione misumari. Mkewe alikuwa na subira kuliko sisi sote, lakini hata yeye alikuwa na hofu yake, na aliniambia waziwazi tukichambua maharage.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo, Mwalimu. Sisi tunakula kwa chuma cha mtu. Siku mtu akija, mimi nitamlisha nini huyu mume wangu? Mikono yake imeshazeeka."

Kisha ikaja habari kwamba Papa amefariki huko Kanada. Binti yake ndiye aliyetuma ujumbe kutoka kambini. Mkufunzi alizima mashine, akafunga mlango wa mabati, akakaa kibarazani siku zote za msiba, watu wakija kumpa pole kama ndugu. Nilikuwapo jioni mkewe alipomwambia, kwa upole kabisa, kwamba sasa mwenyewe hayupo, pengine imwagwe saruji kidogo miguuni, mashine itulie, na wao watulie.

"Oya," akasema. Hapana. "Amana hairithiwi na aliyeitunza."

Mimi nilimwona mzee yule kwa jicho jingine siku ile, na ngazi yangu sikuidai kwa muda mrefu. Jumamosi za bolti ziliendelea.

Miaka ikaenda. Nilianza kufikiri hatakuja mtu. Nafikiri hata yeye alianza kufikiri hivyo, ingawa vizibo vilikuwa bado msumarini, vimeiva moshi na vumbi la mbao. Ndipo asubuhi moja ikasimama pikapu mbele ya gereji, akashuka mama mwenye mtoto mgongoni na uso wa Papa kabisa. Binti mwenyewe. Yeye na mumewe walikuwa wamejiandikisha kurudi Kongo kwa hiari.

"Papa Mkufunzi," akasema, "tunarudia kwetu. Konvoi iko kesho. Nimekuya kuona mashini ya papa." Akachungulia ndani, akaona mashine imesimama kwenye sakafu ya saruji, akapunguza sauti. "Kama mulishaifunga mu beto, hakuna mubaya. Niliwaza vile. Nilikuya na roho ya kulia tu, nirudi."

Mkufunzi aliingia ndani. Alichukua spana. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, nami nilikuwa nimeshapita kwenye mwanya wa ukuta, sikuweza kubaki jikoni. Mkufunzi alipiga magoti kama Jumamosi yoyote. Bolti ya kwanza ilizunguka kwa vidole. Ya pili hivyohivyo. Binti akaweka mkono mdomoni. Ya tatu ikatoka inang'aa grisi. Akahamia mguu wa nyuma uliobaki, ule wa ukutani kabisa, akaweka spana, akavuta.

Haikuzunguka.

Akavuta tena. Akamwaga dizeli, akasubiri, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Dereva wa pikapu alisema ana nyundo kubwa, tuvunje sakafu, muda unakwenda. "Oya," Mkufunzi akasema, na sijawahi kusikia neno dogo likisemwa kwa uzito ule. Mkewe akanong'ona nyuma yangu, "Chuma kimekataa." Sijui kama aliomba kikatae au aliomba kikubali. Mimi mwenyewe sikujua naomba nini.

Nikasema labda ni mvua, maji yameingia chini ya mlango, imekula kutu. Nilitaka kumsaidia. Akaniangalia, akaanza kusema kitu, akaacha.

Mwishowe alichukua bapa la msumeno wa kukatia chuma, akalipitisha kati ya mguu wa mashine na sakafu, akaanza kuikata ile bolti amelala ubavu kwenye vumbi. Alikataa kupokewa. Ilichukua muda mrefu sana. Mtoto alilia mgongoni kwa mama yake, akanyamaza, akalala, na bado Mkufunzi alikuwa anakata. Ilipokatika alibaki amelala palepale kidogo, uso ukutani, halafu akainuka akaomba maji.

Mashine ikapakiwa. Bolti tatu alizitia kwenye kopo la maziwa pamoja na donge la grisi, akampa binti. "Ya nne nitaituma," akamwambia. Binti akapiga magoti akamshika miguu, jambo lililomfanya Mkufunzi arudi nyuma kama ameguswa na moto. "Mersi mingi, papa. Mersi mingi." Pikapu ikaondoka kuelekea Nyarugusu, na mtaa ukawa kimya. Kimya hicho ndicho nilichokuwa nakidai kwa mwiko miaka yote, na nilipokipata sikukipenda hata siku moja.

Mkewe alikosea kuhusu njaa. Mkufunzi alichonga kwa mkono, vigoda na mipini ya majembe, wakala. Lakini alipungua. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilipofika alikuwa anaingia gerejini, anazunguka, anatoka. Hakuazima kitu changu tena, na mtu asiyejua angesema amejirekebisha.

Mara yangu ya mwisho kukaa naye ni wiki niliyostaafu. Nilikuwa narudi kwetu Kibondo, mizigo imeshafungwa. Nilikwenda kuaga, nikamkuta gerejini kwenye kigoda, amevaa miwani, anahangaika na simu.

"Mwalimu, njoo usikie. Binti ametuma."

Akaiweka kati yetu. Kwanza zikaja sauti za watu, kuku, mtu akicheka. Halafu ikawaka mota, na nikaijua kabla haijashika mwendo. Ilikuwa ileile. Machozi yalinitoka bila ruhusa. Kule ng'ambo ya ziwa mtu alikuwa anakereza mbao ngumu, na mlio ulipanda, ukashuka, na katikati yake palikuwa na mtetemo mdogo, tak, tak, tak, ambao sikuwahi kuusikia ukutani kwangu.

"Inatikisika," nikasema.

"Hata wewe umesikia." Akavua miwani. "Mguu wa nyuma. Wameweka bolti isiyo yake."

"Kutu ile," nikasema. "Mvua ya pale mlangoni."

"Mvua haifiki pale, Mwalimu. Unapajua pale. Pako ukutani, pakavu mwaka mzima."

Akaendelea kuitazama simu.

"Tangu msiba wa Papa, ile ya nne sikuifungua tena. Kila mwezi nilifungua tatu, nikainuka. Nilijiambia kesho. Sikuwa nasahau." Akafuta kioo cha simu kwa kidole gumba. "Tatu nilikuwa namfungulia mwenye mali. Moja nilijiachia mimi."

Tundu nne zilikuwa mbele yetu, tatu zina vizibo vya mninga, na ya nne ina kisiki cha chuma kilichokatwa, kimelowa dizeli. Akanionyesha bolti mpya mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa anamngoja mtu wa kuaminika anayeshuka Kigoma. Kisha akainuka, akashika kiuno, akatoka nje, nikasikia anaburuta kitu. Akarudi na ngazi yangu, ameipangusa, ameibadilishia vidato viwili vilivyooza.

"Hii yako. Toroli, beseni na msumeno vipo nje. Nimekuchelewesha."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka mingi, na ilipofika nikaogopa. Niliona mtu anayemaliza vya watu kimoja kimoja, ili asibaki na cha kungoja. Sikupenda nilichokiona.

"Toroli, beseni na msumeno nitabeba," nikamwambia. "Ngazi haiingii kwenye basi. Nakuachia."

"Nikae nayo tu?"

"Si kukaa nayo tu. Nakuachia amana. Siku moja mtu wangu atakuja."

Alinitazama sana. Akaichukua ile ngazi taratibu, tofauti kabisa na alivyozoea kuibeba, akaipeleka ndani.

Sasa nipo Kibondo. Juzi mkewe alinipigia kunijulia hali, tukazungumza habari za mahindi na magoti, mwisho nikamuuliza mzee anaendeleaje.

"Mwalimu, umenifanyia nini," akasema. "Ngazi yako ameifunga ukutani gerejini kwa bolti nne. Jumamosi ya kwanza anazifungua zote, anapaka grisi, anafunga. Paa la jikoni linavuja, nikamwambia si tunayo ngazi, panda. Akaniambia hiyo ya mtu haiguswi. Ametoka asubuhi, amekwenda kuazima kwa jirani."